Sauti ya Osaka, Lugha ya Marekani: Uhakiki wa Safari ya Kisanaa ya Bendi ya Loudness, 1981–2009

Ikisiri

Makala haya yanahakiki safari ya kisanaa ya Loudness, bendi ya hevi metali iliyoundwa Osaka, Japani, mwaka 1981. Ni desturi kupima mafanikio ya bendi hii kwa nafasi ilizopata katika chati za Marekani kati ya mwaka 1985 na 1987, na kuueleza udhaifu wake kwa lafudhi ya mwimbaji wake. Makala yanapinga mtazamo huo. Kwa kuchunguza albamu zilizotolewa kwa hadhira mbili, jalada la Thunder in the East, pamoja na mabadiliko ya waimbaji, inajengwa hoja kwamba gita ndilo lililoifikisha bendi ng'ambo, na kwamba jitihada za kuifanya isikike kama bendi ya Kimarekani ziliipunguzia upekee bila kuiongezea wasikilizaji. Athari yake ya kudumu imeonekana zaidi nchini Japani.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1972 bendi ya Uingereza, Deep Purple, ilirekodi katika miji ya Osaka na Tokyo maonyesho yaliyotolewa baadaye kama albamu ya Made in Japan. Mwaka 1978 Wajerumani wa Scorpions walitoa Tokyo Tapes, na Wamarekani wa Cheap Trick wakatoa Cheap Trick at Budokan. Mwaka uliofuata Judas Priest ya Uingereza ilitoa Unleashed in the East. Albamu hizi nne zina jambo moja la pamoja. Katika zote Japani inasikika, lakini inasikika kama makofi. Mgeni ndiye msanii, na mwenyeji ndiye hadhira.

Mwezi Januari 1985, Loudness ilitoa albamu iitwayo Thunder in the East. Mashariki iliyokuwa mahali pa kurekodia shangwe sasa ilitajwa kuwa chimbuko la ngurumo. Iwe waliolichagua jina hilo walikusudia kuijibu Judas Priest au hawakukusudia, msomaji anayeziweka albamu hizi kwenye rafu moja anaona kwamba nafasi za mtoaji na mpokeaji zimebadilishana. Swali linaloongoza makala haya linatokana na mabadilishano hayo: pale hadhira ya jana inapopanda jukwaani, inatakiwa kuzungumza kwa lugha ya nani?

Uhakiki huu unatumia dhana mbili zilizozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, yaani fani na maudhui, na unaongeza dhana ya hadhira lengwa. Wimbo unachukuliwa kuwa matini yenye tabaka tatu: muziki, maneno na umbo la nje, yaani jina na jalada. Tabaka hizi zinaweza kusema jambo moja, na zinaweza pia kupingana. Kwa Loudness zilipingana mara nyingi, na upinzani huo ndio unaofaa kuchunguzwa.

2.0 Usuli na Dhana ya Uasisi

Kuiita Loudness bendi ya kwanza ya muziki mzito nchini Japani ni kosa la kihistoria. Flower Travellin' Band ilitoa albamu ya Satori mwaka 1971, na Bow Wow ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976, ikapiga katika tamasha la Reading nchini Uingereza mwaka 1982. Kwa hiyo neno muasisi linahitaji kutenganishwa katika maana mbili. Kuna muasisi aliyetangulia kuwapo, na kuna muasisi aliyeacha mlango wazi nyuma yake. Loudness ni muasisi kwa maana hii ya pili.

Mpiga gita Akira Takasaki na mpiga dramu Munetaka Higuchi walitoka katika kundi la Lazy, lililotangazwa kibiashara kama kundi la vijana wa kupendwa na wasichana. Wanakundi walipewa majina ya jukwaani yenye mlio wa Kizungu. Takasaki aliitwa Suzy na Higuchi aliitwa Davy. Wimbo wao uliovuma mwaka 1978 ulikuwa wa pop nyepesi. Kufikia albamu yao ya mwisho, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1980, kundi lilikuwa limeelekea kwenye roki nzito, na mwaka 1981 likavunjika. Mwimbaji wake, Hironobu Kageyama, baadaye alijulikana duniani kwa kuimba wimbo wa katuni ya Dragon Ball Z.

Usuli huu una uzito katika hoja yetu. Kabla ya kuunda Loudness, wasanii hawa wawili walikwisha kuonja hali ya kuvikwa jina na sura zilizochaguliwa na wengine kwa ajili ya soko. Loudness ilizaliwa kama kukataa hali hiyo. Takasaki alimwita rafiki yake wa tangu utotoni, Masayoshi Yamashita, apige gita la besi, na Minoru Niihara aliyekuwa Earthshaker akawa mwimbaji. Albamu yao ya kwanza, The Birthday Eve, ilitoka Novemba 1981, ikafuatwa na Devil Soldier mwaka 1982 na The Law of Devil's Land mwaka 1983. Zote tatu ziliimbwa hasa kwa Kijapani.

Hata hivyo, mstari kati ya lugha mbili haukuwa safi tangu mwanzo. Majina ya albamu ni ya Kiingereza, majina ya nyimbo nyingi pia, na ndani ya beti za Kijapani hupenyezwa maneno ya Kiingereza, hasa katika viitikio. Katika awamu hii Kiingereza ni pambo la fani, ilhali Kijapani kinabeba maudhui. Msikilizaji Mjapani hakuhitaji kukielewa Kiingereza hicho kikamilifu; kilimtosha kama ishara kwamba anasikiliza hevi metali.

3.0 Fani: Gita kama Lugha ya Kwanza

Katika nyimbo nyingi za Loudness, wazo la wimbo hutolewa na gita kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Takasaki hujenga nyimbo juu ya rifu, yaani kishazi kifupi cha gita kinachorudiwarudiwa, na rifu zake zina sifa ya kukatwa ghafla na kuacha mwanya ambao dramu za Higuchi huujaza. Katika wimbo wa Crazy Doctor, uliomo katika albamu ya Disillusion ya mwaka 1984, mvutano huo kati ya gita na dramu ndio unaobeba hali ya wasiwasi inayodokezwa na jina la wimbo. Msikilizaji asiyejua neno hata moja la Kijapani anaipata hali hiyo.

Katika sehemu za solo, Takasaki hutumia kwa wingi mbinu ya kugonga nyuzi juu ya shingo ya gita kwa vidole vya mikono yote miwili. Mbinu hiyo ilikuwa imeenezwa na Eddie Van Halen tangu mwaka 1978, na mhakiki angeweza kudai kwamba hapa kuna uigaji mtupu. Dai hilo halitoshi. Takasaki aliichanganya mbinu hiyo na kasi kubwa, na mtikiso mpana wa nyuzi unaofanya noti ilie kama sauti ya mtu. Alichokipokea kutoka nje alikifanyia kazi hadi kikawa chake, na wapiga gita wa Marekani waliposikia walitambua mtu wa kushindana naye.

Mfano bora wa nguvu ya tabaka la muziki ni Crazy Nights, wimbo unaofungua Thunder in the East. Mwendo wake ni wa wastani, na rifu yake ni rahisi kiasi kwamba umati unaweza kuifuata kwa vichwa na ngumi. Sehemu ambayo mashabiki hupenda kuipokea kwa kelele ni mwito wa herufi tatu ambazo hazifanyi neno lolote, si katika Kijapani wala katika Kiingereza. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini linaeleza mengi. Katika wimbo uliowatambulisha Marekani, mahali ambapo bendi na hadhira waliungana kwa sauti kubwa zaidi ni mahali pasipo na lugha ya yeyote.

4.0 Albamu Moja, Hadhira Mbili

Baada ya kupiga Marekani mwaka 1983, bendi ilianza kuzigawa kazi zake kwa masoko mawili. Disillusion ilitoka kwa Kijapani mapema mwaka 1984, na baadaye mwaka huohuo ikatolewa tena kwa sauti ya Kiingereza. Kisha ikaja Thunder in the East, iliyorekodiwa California chini ya mtayarishaji Max Norman na kusambazwa Marekani na kampuni ya Atco. Albamu hiyo ilifika nafasi ya 74 katika chati ya Billboard 200. Mwaka 1985 bendi iliitangulia Mötley Crüe katika maonyesho yake, likiwamo la Madison Square Garden jijini New York, na hutajwa kuwa bendi ya kwanza ya Kijapani kupiga katika ukumbi huo.

Mwaka 1986 ilitolewa kazi moja kwa majina mawili. Nchini Japani iliitwa Shadows of War; Marekani iliitwa Lightning Strikes, ikiwa na mpangilio tofauti wa nyimbo na uchanganyaji tofauti wa sauti. Toleo la Marekani lilifika nafasi ya 64, ya juu kuliko zote ambazo bendi ilipata nchini humo. Katika Hurricane Eyes ya mwaka 1987, iliyotayarishwa na Eddie Kramer na kutolewa pia kwa toleo la Kijapani, kuna wimbo uitwao So Lonely. Muziki wake unatokana na Ares' Lament, wimbo wa Disillusion.

Tukiyaweka majina haya sambamba, tunaona mwelekeo. Vivuli vya vita vimegeuka radi. Maombolezo ya Ares, mungu wa vita wa Wagiriki wa kale, yamegeuka upweke wa mtu asiye na jina, aina ya upweke uliokuwa umejaa katika nyimbo za mapenzi za redio za Marekani wakati huo. Katika mifano yote miwili, kilichoondolewa ni vita. Kuna mifano kinzani inayotuzuia kuifanya hoja hii kuwa kanuni: Hurricane Eyes hiyohiyo ina wimbo uitwao S.D.I., kifupisho kilichofahamika katika miaka ile kama jina la mpango wa Marekani wa kujikinga na makombora. Hata hivyo, mfano huo wenyewe unatumia msamiati wa vita wa Marekani. Msamiati wa vita uliotoka Japani ndio uliopunguzwa.

5.0 Jalada: Picha Iliyosema Yaliyofutwa

Maneno ya vita yalipokuwa yakipungua, picha ilikuwa imekwisha kusema jambo lingine. Jalada la Thunder in the East limejengwa juu ya miale ya jua linalochomoza, mchoro unaofahamika kutokana na bendera iliyotumiwa na majeshi ya Japani. Kwa mnunuzi wa Marekani wa mwaka 1985, mchoro huo ulikuwa kitambulisho chepesi: hawa wanatoka Japani. Kwa watu wengi wa Korea na China, mchoro huohuo ni kumbukumbu ya uvamizi na utawala wa mabavu uliokoma mwaka 1945.

Hapa tabaka za matini zinapingana waziwazi. Bendi ilitakiwa isikike kama Wamarekani, lakini ionekane kama Wajapani. Na Ujapani huo ulipaswa kuwa wa aina ambayo mnunuzi wa mbali angeutambua kwa kutupa jicho mara moja. Wasanii waliowahi kuitwa Suzy na Davy ili wafanane na Wazungu sasa waliuzwa kwa alama ya taifa lao iliyokolezwa. Ukinzani huu ni wa juu tu, kwani katika hali zote mbili sura ya msanii ilipangwa kwa kufuata matarajio ya mnunuzi. Mhakiki hapaswi kuhitimisha kwamba wanabendi walikuwa na nia ya kusifu vita. Lakini hapaswi pia kuliacha jalada hilo lipite kama pambo lisilo na historia, kwa sababu pambo hilo lilikuwa na wasomaji wengine ambao hawakukusudiwa.

6.0 Kuondolewa kwa Niihara

Hurricane Eyes ilifika nafasi ya 190 tu nchini Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1988 Niihara aliondolewa. Inasimuliwa kwamba pendekezo lilitoka kwa Max Norman, aliyeona kwamba mwimbaji mzawa wa Kiingereza angeifungulia bendi soko la Marekani. Nafasi ikachukuliwa na Mmarekani Mike Vescera, aliyetoka katika bendi ya Obsession.

Uamuzi huu unastahili kupimwa kwa matokeo yake. Soldier of Fortune ya mwaka 1989 ni kazi yenye ustadi. Vescera ana sauti ya juu iliyo safi na matamshi yasiyo na kasoro. Lakini kasoro iliyosahihishwa haikuwa chanzo cha tatizo. Lafudhi ya Niihara ilikuwapo katika Thunder in the East na Lightning Strikes, na albamu hizo ndizo zilizopanda zaidi katika chati ya Marekani. Kama lafudhi ingekuwa kikwazo kikuu, mpangilio wa matukio ungekuwa kinyume: nafasi mbaya mwanzoni, nafasi bora baada ya Vescera. Soldier of Fortune haikuzirudisha nafasi hizo.

Mnamo 1991 ilitolewa On the Prowl, albamu ambayo sehemu yake kubwa ni nyimbo za zamani zilizorekodiwa upya na Vescera. Albamu hii ni ushahidi mzuri kwa mhakiki, kwa sababu inaruhusu ulinganishi wa moja kwa moja. Rifu ni zilezile, mpiga gita ni yuleyule, maneno yanatamkwa kwa usahihi zaidi, lakini nyimbo zimepoteza msuguano. Katika matoleo ya awali Niihara huyabana maneno, huyakwaruza na kuyasukuma dhidi ya mdundo. Juhudi ya kuimba inasikika, na juhudi hiyo inalingana na ukali wa gita. Vescera anateleza juu ya muziki uleule kama mtu aliye nyumbani. Kilichokuwa upekee wa Loudness kimesawazishwa, na bendi iliyobaki inafanana na bendi nyingine nyingi zilizokuwa Los Angeles wakati huo. Msikilizaji wa Marekani aliyekuwa na bendi hizo karibu hakuwa na sababu ya kuifuata hii ya mbali.

Ni haki kuongeza kwamba wakati nao uligeuka. Mwaka 1991 ladha ya vijana wa Marekani ilihamia kwenye roki ya Seattle, na bendi nyingi za Kimarekani zilianguka pamoja na mtindo wao. Hoja yetu haidai kwamba Niihara angeizuia mikondo hiyo. Inadai tu kwamba bendi iliingia katika dhoruba hiyo ikiwa imekwisha kuachia kile ambacho wengine hawakuwa nacho.

7.0 Athari Nchini Japani na Baadaye

Baada ya Vescera kuondoka, mwimbaji mpya alikuwa Masaki Yamada, aliyetoka EZO, bendi ya Sapporo iliyokuwa imefuata njia ya Marekani na kurekodi albamu iliyotayarishwa kwa pamoja na Gene Simmons wa Kiss mwaka 1987. Gita la besi lilichukuliwa na Taiji Sawada, aliyetoka X. Safu hiyo ya Wajapani watupu ilitoa albamu ya Loudness mwaka 1992, ikafika nafasi ya 2 katika chati ya Oricon nchini Japani. Kupita kwa Sawada katika bendi hii kuna maana kubwa kuliko nafasi ya chati. X, iliyoanzishwa Chiba mwaka 1982 na Yoshiki na Toshi, ndiyo iliyoupeleka muziki wa metali kwa umma mpana wa Japani kupitia Blue Blood ya mwaka 1989. Mpiga besi wake alipojiunga na Loudness, vizazi viwili vilikutana katika chumba kimoja.

Athari nyingine ilipitia kazi za nje ya bendi. Higuchi alitayarisha Lunatic Doll ya mwaka 1983, albamu ya kwanza ya mwimbaji Mari Hamada, wakati ambapo wanawake walikuwa wachache katika metali ya Kijapani. Takasaki alitoa albamu yake binafsi, Tusk of Jaguar, mwaka 1982. Kazi hizi zinaonesha kwamba Loudness haikuwa bendi tu. Ilikuwa karakana ambayo wengine walipitia.

Safu ya kwanza iliungana tena na kutoa Spiritual Canoe mwaka 2001. Higuchi alifariki kwa saratani ya ini tarehe 30 Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 49. Albamu iliyofuata, ya mwaka 2009, ilijengwa juu ya midundo aliyoiacha imerekodiwa. Wenzake waliipangia nyimbo mpya midundo ya marehemu, na hivyo mwendo wa albamu nzima uliamuliwa na mtu ambaye hakuwapo tena. Kwa bendi iliyotumia muda mrefu kurekebisha mwendo wake ufuate soko, kazi hii inasikika kama kurejea kwa mwenye nyumba.

Swali la lugha lilipata jibu la kushangaza baadaye. Mwaka 2016 Babymetal, kundi la Kijapani linaloimba kwa sehemu kubwa kwa Kijapani, lilifika nafasi ya 39 katika Billboard 200 kwa albamu ya Metal Resistance. Hapo kabla, albamu ya mwisho ya msanii wa Japani kuingia katika nafasi 40 za juu ilikuwa ya Kyu Sakamoto mwaka 1963, naye wimbo wake uliovuma aliuimba kwa Kijapani. Mazingira yalitofautiana sana. Babymetal walikuwa na video za intaneti, Sakamoto alikuwa na redio. Bado ukweli unabaki kwamba waliozipita nafasi za Loudness nchini Marekani, kabla yake na baada yake, hawakuiacha lugha yao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya Loudness haisomeki vizuri kama hadithi ya bendi iliyokaribia kufanikiwa Marekani ikakwamishwa na Kiingereza chake. Ushahidi wa albamu unaelekeza kwingine. Gita na dramu vilivuka mpaka bila mkalimani. Majina na maneno yalibadilishwa kwa kumkisia msikilizaji wa mbali. Jalada lilisema jambo ambalo maneno yalikuwa yakilifuta. Na kubadilishwa kwa mwimbaji kuliondoa msuguano uliokuwa sehemu ya fani.

Kwa watafiti wa muziki maarufu, uchunguzi huu unapendekeza mambo mawili. Kwanza, albamu zilizotolewa kwa lugha mbili zichukuliwe kuwa matini mbili, kila moja ihakikiwe kwa hadhira yake, badala ya toleo la Kiingereza kufanywa ndilo asili kwa sababu tu linapatikana kwa urahisi zaidi. Pili, lafudhi ihesabiwe miongoni mwa vipengele vya fani, kama mdundo na kiitikio, na isihukumiwe kuwa kosa la matamshi kabla ya kuulizwa inafanya kazi gani ndani ya wimbo. Ulinganishi kamili wa maneno ya Disillusion katika matoleo yake mawili, ubeti kwa ubeti, ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia.